Kayabo ya Mwenye Hoteli

Mdogo wangu wa kiume anaamini kwamba binadamu akionyeshwa mashuka meupe ya kutosha atakubali jambo lolote. Ndiyo maana alitupeleka Malta, mimi na Mama, wiki nzima, kwa gharama ya wabia wake.

Sikuomba kwenda. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, nakaa Nyakato, na likizo huwa nazimaliza kwa raha zangu mwenyewe: nalisha kuku, nasikiliza redio, nawachukia majirani wachache niliowachagua kwa makini. Lakini Mama hajui Kiingereza, wabia hawajui Kiswahili, na mdogo wangu hakutaka kutafsiri mwenyewe kwa sababu alitaka aonekane tajiri, na tajiri hatafsiri. Kazi hiyo nikapewa mimi. Nadhani alisahau kwamba ulimi wangu ni mkali katika lugha zote mbili.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Kwetu ni kwenye rasi, nje ya Musoma, pale ardhi inapoingia ziwani. Kuna mchanga mweupe, kuna mawe makubwa yaliyopandana, kuna nyumba ya bati aliyoijenga Baba, na nyuma ya nyumba kuna makaburi mawili: la Baba, na la mtoto wake wa kwanza ambaye mimi sikumkuta. Mama anaishi pale. Mdogo wangu, anayeishi Dar es Salaam na kufanya kile anachokiita uwekezaji, alikuwa amepata watu wa kujenga hoteli ya ufukweni palepale kwenye mchanga wetu. Mama angejengewa nyumba ya vigae Nyakato, karibu na mimi. Makaburi yangezungushiwa maua, au yangehamishwa, hilo lingeamuliwa baadaye. Wazee wa ukoo walishasema watafuata neno la Mama. Kwa hiyo kilichokuwa kinasubiriwa ni ndiyo moja tu kutoka kwenye kinywa cha mwanamke mmoja, na Mama alikuwa amekaa nayo kimya mwaka mzima.

"Hajui hoteli ni kitu gani," mdogo wangu aliniambia kwenye simu. "Akiiona ataelewa."

Mama si mtu wa ziwani kwa kuzaliwa. Alizaliwa upande wa Butiama, kwa watu wa ng'ombe, akaolewa kwa wavuvi, na mpaka leo anawaona wavuvi ni watu wasio na mpango. Anasali rozari kila jioni na anasengenya kila asubuhi. Alipoambiwa Malta, uso ulimchangamka, jambo ambalo halikunifurahisha hata kidogo, maana nilikuwa nimejiandaa kumsikia akikataa. Kumbe tangu utoto wake alikuwa amesikia kanisani habari za mtume aliyevunjikiwa na meli kwenye kisiwa hicho, wenyeji wakamwashia moto, na mkuu wa kisiwa akamchukua nyumbani kwake na kumkarimu kwa siku tatu.

"Wale ni watu," alisema. "Wanajuaga mgeni."

Kesho yake akaagiza kayabo kutoka mwaloni, kwenye soko la wavuvi. Kwa msomaji wa mbali niseme kwamba kayabo ni sangara aliyepasuliwa, akajazwa chumvi, akaanikwa juani mpaka akawa mgumu kama ubao. Inadumu miezi, na miezi yote hiyo inanuka. Nilimkuta Mama akiifunga kwenye gazeti, kisha kwenye mfuko, kisha kwenye khanga mpya kabisa.

"Ya nani hiyo?" nikauliza.

"Ya mwenye hoteli. Nitaingiaje kwenye mji wa mtu mikono mitupu?"

Kwetu mji ni nyumba na uwanja wake na watu wake, na mwenye mji ndiye anayekupokea na ndiye unayemuaga. Ukilala kwa watu hujamsalimia mwenye mji, ukaondoka hujamuaga, wewe ni mwizi, hata kama hukubeba kijiko. Hilo tulifundishwa kabla ya kusoma na kuandika. Nilimwambia Mama kwamba hoteli ni tofauti. Aliniangalia jinsi anavyowaangaliaga wavuvi, akaendelea kukaza fundo.

Mdogo wangu akaja kutuchukua na gari la kukodi, miwani ya jua kichwani, viatu vyeupe ambavyo vilikoma kuwa vyeupe alipovuka geti. Kabla hata hajamaliza kusalimia alikwenda jikoni, akafunua sufuria, akachungulia. Anafanya hivyo tangu akiwa mdogo. Suti haijamwachisha, Dar haijamwachisha. Mama humwita "baba," kwa sababu ana jina la baba yake Mama, na alipomwona ameinamia sufuria na miwani yake ile, alicheka akamwambia, "Baba, viazi havijaiva." Nilisonya. Mtu anayetaka kuvunja jiko angeacha kwanza kula ndani yake.

Njiani hakunyamaza. Tulipita Kiabakari anaeleza habari za vyumba, tulifika Bunda anaeleza habari za bwawa la kuogelea, na hapo Bunda akasimamisha gari kumnunulia Mama kofia ya majani yenye ukingo mpana. Mama aliivaa juu ya kilemba. Mpaka Mwanza uwanja wa ndege watu walitugeukia, na mdogo wangu akadhani wanatuonea wivu.

Sitasimulia ndege. Ndege ni kukaa.

Hoteli ilikuwa kubwa, ya rangi ya maziwa, imekaa juu ya miamba ya bahari. Bahari yenyewe ilikuwa nzuri, nakubali, maji ya buluu mpaka chini unaona mawe. Na wale watu, wakiwa na bahari yote ile, walikuwa wamechimba dimbwi pembeni yake, wakalitia dawa, wakalala kulizunguka wakiwa karibu uchi, wamepakwa mafuta, hawasemi na mtu. Asubuhi wanaamka mapema kwenda kuweka taulo kwenye kitanda ili mwingine asilale. Kisha wanarudi ndani kulala. Sijawahi kuona watu wakigombania kwa bidii namna ile nafasi ya kutofanya chochote.

Mapokezi walitufunga mkononi bangili za plastiki, za kijani, ambazo hazifunguki mpaka zikatwe. Ukiwa nayo unakula na kunywa bila kuulizwa. Mdogo wangu alinyoosha mkono wake kwa fahari. Mama alirudisha wake nyuma.

"Hii ni alama ya nani?" akauliza.

Alikuwa binti wa watu wa ng'ombe. Kwao ng'ombe hatiwi alama bila sababu. Alama inasema huyu ni wa fulani, akipotea arudishwe kwa fulani.

"Ni ya hoteli, Mama," mdogo wangu alisema.

"Hoteli ni nani?"

Alicheka. Alifikiri Mama anatania. Yule dada wa mapokezi akauliza kuna tatizo gani, nikamtafsiria: mama yangu anataka kujua mwenye hapa ni nani, amemletea zawadi. Dada wa watu akatabasamu, akasema yeye anatoka nchi nyingine, ana mkataba wa kiangazi tu, lakini angemwita meneja. Meneja akaja. Naye alitoka nchi nyingine. Alituambia karibuni sana, kifungua kinywa kinaanza saa moja. Mama alimpa mkono, akamtazama vizuri usoni, akaniuliza pembeni, "Ndiye mwenyewe?" Nikasema hapana, ameajiriwa. Mama akakumbatia kifurushi chake, tukapanda lifti.

Jioni ile hakula. Watu wote walikuwa wanazunguka meza na sahani, wanajipakulia mlima, wanaacha nusu, wanarudi kujipakulia tena. Mama alikaa wima mikono mapajani. Alisema hawezi kula chakula cha mtu ambaye hajamwona. Mdogo wangu alimbembeleza, akamletea sahani, akamletea na matunda madogo meusi ambayo Mama alidhani ni zambarau. Alitia moja mdomoni kwa adabu. Ilikuwa zeituni ya chumvi. Uso wake ulikunjamana, akaitemea kwenye kitambaa, akasema wametia zambarau chumvi ili wageni wasizimalize. Nilicheka mpaka watu wa meza ya jirani wakageuka. Chumbani alikula michembe, viazi vikavu alivyovibeba kutoka nyumbani, na mimi nikamsaidia, maana chakula chao kilikuwa kizuri kwa macho tu.

Nisimpambe. Siku iliyofuata alikula mayai, akala mkate, akala na barafu tamu mara mbili. Alisema mwenye mji huenda amesafiri, na mgeni hawezi kufa njaa akimsubiri. Lifti aliipenda; nilimkamata akipanda na kushuka bila shughuli yoyote. Lakini kila alipoingia ukumbini alitafuta kwa macho mtu wa umri wake, mtu aliyekaa kama mtu wa kwao, na kila jioni aliniuliza kama amerudi. Mdogo wangu akawa anajibu yeye: "Kesho, Mama." Alijibu hivyo kwa mama yake mzazi, kwa wepesi wa mtu anayemfukuza mdai mlangoni. Nilimdharau siku hiyo kuliko siku zote.

Wabia walituletea mtu wa kututembeza. Nitamwita mwakilishi, kwa sababu ndivyo alivyojiita: mwakilishi wa kampuni. Alikuwa na suti ya buluu, meno mazuri, na alikuwa akimwita Mama "mama" kwa Kiswahili, neno pekee alilokuwa nalo, akilirudia kama anaita paka. Kazi yake ilikuwa kutuonyesha jinsi kisiwa kinavyopata riziki kwa mambo ya kale.

Alitupeleka kwenye mahekalu ya mawe, mawe makubwa yaliyosimamishwa zamani sana na watu wasiojulikana. Wameyafunika kwa hema kubwa ili mvua isiyale, wameweka geti na kamba. Watu walikuwa wanasimama mbele ya jiwe wanasoma kibao kinachosema hili ni jiwe. Mama aligusa moja, mlinzi akapiga filimbi. "Kwetu yapo makubwa kuliko haya," Mama akasema, "na mbuzi wanapanda." Mwakilishi aliuliza amesemaje. Nilimtafsiria. Macho yalimng'aa, akamgeukia mdogo wangu, wakaanza kuzungumza juu ya mawe yetu, jinsi yatakavyowekewa taa.

Kisha akatupeleka makaburini.

Ni chini ya ardhi. Unashuka ngazi, unaingia kwenye njia nyembamba zilizochongwa kwenye mwamba, na kila upande kuna matundu ya kulaza watu. Mengine ni ya wawili, mengine madogo sana, ya watoto. Ni Wakristo wa zamani waliozikwa humo. Mama alivua kofia ya Bunda. Alifanya ishara ya msalaba, akainama kwenye tundu la kwanza, akasema kwa kilugha chetu maneno ambayo mtu husema anapofika kwenye mji wenye msiba: kwamba amefika, kwamba ametoka mbali, kwamba wamsamehe kwa kuchelewa. Kisha akachungulia.

"Wako wapi?" akauliza.

Yalikuwa matupu. Yote. Mwakilishi alieleza kwamba mifupa iliondolewa zamani, mingine iko makumbusho, mingine haijulikani ilikokwenda. Lakini mahali pamehifadhiwa vizuri kabisa, alisema, na watu wanatoka dunia nzima. Nyuma yetu mwanamke mmoja mwenye kaptula alikuwa amejilaza ndani ya tundu, mikono kifuani, macho ameyafumba, mume wake anampiga picha. Wakabadilishana. Naye akalala.

Mdogo wangu, Mungu amsamehe maana mimi bado, aliuegemea ukuta wa kaburi kwa kiwiko, akasema, "Unaona, Mama? Wenzetu makaburi hawayaogopi. Wanayatunza. Hata la Baba linaweza kutunzwa hivi." Na mwakilishi, akiona maongezi yanakwenda vizuri, akaongeza kwamba makaburi ya ukoo ndani ya hoteli ni kivutio kizuri sana, yanampa mgeni hisia za mahali.

Nilitafsiri neno kwa neno. Sikuongeza kitu, maana haikuhitajika.

Mama aligeuka. Alirudi kwenye tundu moja dogo, la mtoto, akaweka kiganja chake ndani kwenye jiwe tupu, akakaa hivyo mpaka kundi lingine likaja nyuma yetu na kutaka kupita. Kule juu juani alivaa kofia yake na kuuliza kama kuna barafu tamu. Mdogo wangu alinikonyeza kwa furaha. Alidhani ameshinda. Mimi pia nilidhani ameshinda, na nilikasirika na Mama, na barafu yake, na lifti yake. Nilijiona mjinga kwa kuwa peke yangu mwenye hasira kwenye kisiwa kizima.

Siku ya kuondoka Mama aliamka mapema, akaoga, akavaa kitenge chake cha Pasaka, akashuka kukaa kwenye kochi la mapokezi na kifurushi magotini. Kayabo ilikuwa imekaa wiki nzima kabatini, na nguo zetu zote zilikuwa zimejua. Watu waliopita waligeuza pua wakitafuta. Mama alikaa.

"Anafanya nini?" mdogo wangu akaniuliza.

"Anasubiri kumuaga mwenye mji."

Alijaribu kumwambia kwamba gari linasubiri. Alimwambia kwamba hapa watu hawaagi. Kuna kisanduku pale mezani, unatumbukiza kadi ya mlango, unakatwa bangili, umemaliza. Mama akasema yeye hawezi kutumbukiza salamu kwenye kisanduku. Ikabidi mwakilishi aitwe. Alikuja na meno yake. Mama akanyoosha mgongo, akaniambia nimuulize vizuri, kwa heshima, mwenye hoteli yuko wapi, kama ni mgonjwa yeye atakwenda kumwona, kama ni msiba atatoa pole.

Nikauliza. Mwakilishi akafikiri kidogo, na lazima niseme alijaribu kujibu kwa ukweli. Alisema hoteli ni ya kampuni. Kampuni ni ya kampuni nyingine, iliyoko nchi nyingine. Hiyo ina wenye hisa, wengi sana, hakuna anayewajua wote, wananunua na kuuza kila siku. Wengi wao hawajui kama hoteli hii ipo.

"Wamewahi kulala hapa?" Mama akauliza.

"Sidhani," akasema.

"Na ile ya kwetu, ikijengwa, itakuwa ya nani?"

Mwakilishi alimtazama mdogo wangu. Mdogo wangu aliangalia viatu vyake. "Ni utaratibu uleule," mwakilishi akasema.

Mama alishukuru. Alikaza upya fundo la khanga, akasimama, akanyoosha mkono ili wamkate ile bangili. Garini alisema mara moja tu, bila kumwelekea mtu, "Tumelala kwa watu wiki nzima na tunaondoka kama wezi." Kisha akafumba macho mpaka uwanja wa ndege. Mdogo wangu alipiga simu nyingi kwa sauti kubwa.

Wiki chache baadaye akaja Musoma na wapimaji. Mama hakuwa amesema ndiyo, lakini hakuwa amesema hapana, na mdogo wangu ni mtu ambaye kimya huwa anakijaza mwenyewe. Mimi nilikuwa nimekwenda kule rasi tangu jana yake kumsaidia Mama kuanika mihogo. Tuliona gari linakuja, wapimaji wakashuka na vigingi vyao vilivyopakwa rangi nyekundu, na mdogo wangu mbele, miwani kichwani.

Mama alikuwa uwanjani na nguo za kazi. Aliponiambia nitoe kiti, nikatoa kigoda. Akasema, "Kiti cha wageni." Kile ni kiti cha mbao chenye mgongo, kilikuwa cha Baba, tunakitoa akija padri au wakwe. Akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amevaa kitenge cha Pasaka.

"Karibu, mgeni," akamwambia mwanawe. "Keti. Habari za huko utokako?"

Mdogo wangu akacheka, akaanza kuelekea jikoni kama kawaida yake. "Mgeni haingiagi jikoni," Mama alisema, bila ukali, kwa sauti ile laini ya kuongea na padri. "Keti tu, utaletewa."

Akakaa. Nadhani miguu yenyewe ndiyo iliyokaa. Mama akamuuliza kama njia ilikuwa nzuri. Akamuuliza kama huko kwao mvua zimenyesha. Wapimaji walisimama na vigingi mikononi hawajui waviweke wapi. Mdogo wangu alijibu kila swali, sauti ikizidi kupungua. Kisha Mama akaingia ndani, akarudi na kile kifurushi, khanga ileile, fundo lilelile, akakishika kwa mikono miwili jinsi zawadi inavyotolewa.

"Hii nilimbebea mwenye hoteli," akasema. "Nilimtafuta kule sikumpata. Sasa naona amekuja mwenyewe. Pokea, mgeni wangu."

Kwetu mtoto wa nyumbani hapewi zawadi ya mgeni. Mtoto anafunua sufuria. Anaiba nyama, anafokewa, anakula. Ukimpa mwanao kifurushi kilichofungwa, kwa mikono miwili, umemwambia kwamba hapa si kwao. Yeye anajua. Alilelewa kwenye jiko lile lile nililolelewa mimi.

Nilikuwa na maneno tayari. Niliyatengeneza tangu Malta, makali, ya Kiswahili na ya Kiingereza, nikiyanoa kila siku Nyakato wakati nalisha kuku. Nilimwangalia ameshika ule mfuko unaonuka magotini, kwenye kiti cha Baba, mdomo wake ukicheza kama wa mtoto anayejizuia, na maneno yote yakanitoka kichwani. Niliona aibu kwa ajili yake mpaka ikaniuma. Sikupenda hali hiyo hata kidogo.

Ziwa lilikuwa linapiga mawe. Mdogo wangu akainuka, akawaambia wapimaji warudi mjini, nauli atawatumia, na vigingi wavichukue vyote. Wakaondoka na gari. Akavua miwani, akaiweka mfukoni, akapita mbele ya Mama bila kumtazama, akaingia jikoni. Nilisikia mfuniko wa sufuria.

"Dada," akaniita. "Mboga iko wapi?"

"Hakuna," nikasema. "Kuna ugali wa muhogo peke yake. Hatukujua kuna mgeni."

Akaweka kifurushi mezani akaanza kukifungua. Fundo la Mama lilimshinda, ikabidi atumie meno. Mama alikuwa amekuja mlangoni.

"Hiyo ni ya mwenye hoteli," akasema.

"Hayupo, Mama," mdogo wangu alimjibu, bado ameinama. "Si tulimtafuta wote?"

Kayabo huwezi kuipika hapohapo. Lazima uiloweke, umwage maji, uiloweke tena, mpaka chumvi ipungue. Alikaa kwenye kigoda mchana kucha akibadilisha maji mwenyewe, na viatu vyake vyeupe vikaloa, na mimi nikamwambia kwamba hajui hata kukamua samaki. Aliniambia nifunge mdomo. Mama alikaa mlangoni na rozari yake. Nilipoitia kwenye mafuta na nyanya, harufu yake ilikuwa ya samaki na ya sabuni ya hoteli, na sijawahi kula mboga mbaya kama ile.

Niliweka sinia chini. Mama akachukua jagi na beseni, akaja kusimama mbele ya mwanawe.

"Nawa mikono, baba," akasema.